Glovu za Mama Somoe Nilizifungia Stoo

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usije ukafika katikati ukaanza kunihurumia, ukadhani kuna mtu alinilazimisha. Hakuna. Akili zangu zilikuwa timamu, funguo zilikuwa mfukoni mwangu, na mlango niliufunga mwenyewe.

Mimi ni mzee, na shule yangu ni ndogo, kwa hiyo ukiona nukta imekaa mahali pa mkato, songa mbele. Mke wangu ametangulia mbele za haki. Watoto wako kwao, na wakipiga simu wananiuliza, "Baba, umekula?" Nikijibu nimekula, simu imekwisha. Mtu wa kumweleza neno refu sina. Basi wewe unayesoma ndiye umebaki, nivumilie. Huwa naanzia mbali.

Nilikuwa mtunza stoo wa serikali kwenye yadi moja pale Gerezani. Ofisi siitaji, wala mwaka siutaji. Wanaonijua wameshanijua. Upande mmoja mafundi wanagonga mabati kutwa, upande mwingine mwendokasi inapita, katikati ndiyo yadi yetu, yenye matoroli, mafagio, majembe na stoo yangu yenye kufuli mbili. Zamani nilikuwa mzibua mitaro. Nimezibua mitaro ya Kariakoo miaka mingi mpaka mgongo ukagoma, wakanihurumia wakanipa stoo. Hili liweke kichwani. Mtaroni mna nini nilikuwa najua kuliko mtu yeyote kwenye ile yadi!

Kina mama wafagiaji walikuwa kumi na wawili, vibarua wa mkataba. Wanafagia mitaa kabla maduka hayajafunguliwa, halafu wanaingia kwenye mitaro. Kazi yenyewe haina shukrani. Unafagia hapa, mwenye duka anasubiri ugeuke, naye anasukumia barabarani maboksi yake na vumbi lake. Nimeona kwa macho yangu mtu mzima amevaa saa ya dhahabu akimwagia takataka mahali ambapo mama ametoka kufagia, na huyo mama bado yupo, kainama!

Saa nne asubuhi walikuwa wanakuja kunywa chai mlangoni kwangu. Chai ya rangi na mihogo. Ndiyo ilikuwa saa yangu ya kuishi, sikufichi. Tangu mke wangu afariki, nyumbani nilikuwa nalala tu. Maisha yalikuwa pale mlangoni, kina mama wanacheka, wananiita Babu, mmoja ananiwekea kipande cha muhogo, mwingine ananiuliza kama nimekunywa dawa ya presha.

Kiongozi wao alikuwa Mama Somoe. Mmakonde wa Newala, mimi Myao wa Masasi, kwa hiyo ni watani. Hapakuwa na kuheshimiana hapo! Alikuwa akiingia tu getini anapaza sauti, "Myao, bado hujafa? Sisi tumeshachanga ya sanda!" Nami namjibu, "Nife nimwachie nani panya wa stoo? Si utawamaliza!" Basi yadi nzima inacheka. Na mikono yake haikujua kutulia. Hata kwenye chai alikuwa anasuka ukili wa mkeka, vidole vinakwenda, mdomo unanitukana.

Haya. Tatizo lilikuwa mikono hiyohiyo. Glovu walizokuwa nazo zilikwisha zamani, zimebaki matundu. Wakawa wananunua soksi za mtumba Mchikichini wanavaa mikononi. Soksi, ndugu yangu! Mtu anaingiza mkono kwenye mtaro wa Kariakoo amevaa soksi ya mtoto wa Ulaya aliyekuwa anachezea mpira.

Halafu mzigo ukaja. Glovu nene za mpira, jozi kumi na mbili. Gambuti jozi kumi na mbili. Vikoti vya rangi ya chungwa vyenye mistari ya kung'aa, kumi na viwili. Ilisemwa ni kwa ajili ya kumwezesha mwanamke na kumlinda kazini. Niliupokea kwa mikono yangu, nikaupanga juu ya rafu. Stoo nzima ikanukia mpira mpya. Kina mama wakachungulia, wakapiga vigelegele.

Mkuu wetu akaja, akasema, "Mzee, hivi visitoke hata kimoja. Mgeni rasmi anakuja kuvikabidhi. Nataka siku hiyo viwe vipya, viking'aa."

Ndiyo desturi yetu, wewe unaijua. Kitu cha serikali hakiliki mpaka kikatiwe utepe. Kisima kinaweza kuwa na maji, watu wakakaa na ndoo zao wakisubiri mtu wa kuja kupigwa picha akifungua bomba.

Lakini kuna jambo la pili, na hilo ndilo langu. Mkuu alinishika bega akaniambia, "Wewe mwakani unastaafu. Siku hiyo utasimama kulia kwa mgeni rasmi. Utamshikisha glovu, naye anamkabidhi mama mmojammoja. Taarifa ya habari watakuonyesha."

Jamani! Mimi miaka yote serikalini sijawahi kupigwa picha ya kazi. Hata siku ya wafanyakazi nilikuwa natumwa kulinda viti. Nilikwenda Mchikichini nikanunua kaunda suti ya kijivu ya mtumba, nikampelekea fundi akaipunguza. Nikawa naitazama imetundikwa, nikijiona niko kwenye televisheni, na wale walionidharau wanaulizana, "Si yule mzibua mitaro?"

Mgeni akaahirisha. Kuna msiba. Turubai lilikuwa limeshafungwa, likafunguliwa. Akapanga tena, akaitwa Dodoma. Viti vikaja, viti vikarudi. Ikapangwa mara ya tatu, siku ya Ijumaa. Kina mama wakaambiwa watunge wimbo, wakatunga, wakawa wanafanya mazoezi kila baada ya chai. Hebu lione jambo hilo. Wanaimba kushukuru glovu ambazo hawajazivaa, soksi zimewalowa mikononi!

Mama Somoe akawa ananitania, "Myao, hizo gambuti unaziatamia? Zitatotoa lini?"

Nikacheka. Nilicheka, Mungu anisamehe.

Sasa tufike kwenye habari ya karatasi. Ofisini kulikuwa na binti, afisa afya na usalama kazini. Nitamwita Edina, si jina lake. Mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Jumatatu moja alikuja stoo na karatasi mkononi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Babu, nimetoka kuangalia mikono ya kina mama. Mama Somoe ana mikwaruzo mitatu. Hii hapa nimekuandikia, utoe glovu na gambuti leo hii. Nimeshasaini."

"Mkuu kasemaje?"

"Mkuu amesafiri. Mimi ndiye ninayekaimu. Likitokea neno ni juu yangu, wewe huguswi."

Unasikia? Alikuwa anakaimu. Ile sahihi yake siku ile ilikuwa sahihi ya ofisi, sawasawa na ya mkuu. Mimi nilijua, na nilikuwa nimefanya kazi na sahihi za makaimu miaka chungu nzima, wanaume wengine vijana kuliko yeye, wengine wanakuja wamelewa. Sikuwahi kubishana na hata mmoja.

Lakini huyu nilimtazama hereni. Nikasema moyoni, huyu mtoto wa kike ndiye wa kuniharibia siku yangu? Glovu zikitoka leo, Ijumaa mgeni akija atakabidhi nini? Zilizonuka mtaro? Nami nitasimama kulia kwa nani?

Mdomoni nikasema, "Acha hapo, mwanangu. Nitatoa."

Akashukuru. Akaniambia, "Mungu akubariki, Babu." Akaondoka.

Nikaikunja karatasi mara nne, nikaichomeka ndani ya kofia yangu, kwenye mshono wa bitana. Nikavaa kofia.

Kesho yake, Jumanne, mvua ilikuwa imenyesha. Asubuhi Mama Somoe alikuja kuchukua toroli. Siku hiyo hakuanza na matusi.

"Myao, mtaro wa leo ni ule wa mbele ya maduka ya vyombo. Umejaa juu. Nipe jozi moja tu ya glovu. Jioni nakurudishia, nitakuwa nimezifua kwa sabuni, hakuna atakayejua."

"Vumilia mpaka Ijumaa. Mgeni anakuja."

"Mgeni atakuja kuzibua?"

Nikamwambia, na maneno haya nayasikia mpaka leo, "Nyinyi wanawake mkipewa kitu hamjui kusubiri."

Alinitazama. Akavaa soksi zake. Akasukuma toroli.

Lililotokea nimesimuliwa, sikuwapo. Mtaro uliziba, akaingiza mkono mpaka kiwikoni kuvuta kilichoziba. Kulikuwa na kioo cha taa ndefu kimevunjika ndani ya matope. Kilimpasua kiganja, kuanzia chini ya kidole cha mwisho mpaka katikati. Mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vyombo alitoka mbio na jagi la maji safi, akamwosha, akavua mtandio wake akamfunga. Akamwambia, "Mama, twende hospitali, gari langu hili hapa." Mama Somoe akakataa. "Nikiondoka nahesabiwa mtoro." Akaendelea kufagia kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa umefungwa mtandio wa watu.

Saa nne alikuja kwenye chai. Nikauona. Nikamuuliza, "Umepata nini?" Akasema, "Kamkwaruzo." Nilijua si mkwaruzo! Mtu aliyezibua mitaro anajua damu iliyochanganyika na maji ya mtaro inaleta nini. Nilikuwa na sanduku la huduma ya kwanza nyuma yangu. Ningempa dawa, ningetoa na glovu. Lakini nilihofu kwamba nikitoa glovu saa ile ndiyo nimekiri. Nikamimina chai.

Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba kama kiroba. Hospitali wakakata vidole viwili, cha mwisho na jirani yake. Vilivyobaki havikunjiki. Ukili tena basi.

Ijumaa mgeni alikuja! Safari hii hakuahirisha. Kina mama kumi na mmoja wakaimba wimbo wao. Mimi nimevaa kaunda suti, nimesimama kulia. Taarifa ya habari nilikwenda kuitazama kwenye kibanda cha jirani, tumekaa watu wengi. Walinikata. Kilichoonekana ni mkono wangu tu umeshika glovu. Jirani akauliza, "Mzee, wewe uko wapi hapo?" Nikasema nilikuwa nyuma.

Wiki iliyofuata kukawa na kikao. Mkuu amerudi, anataka kujua imekuwaje mtu akaumia wakati vifaa vimo stoo. Edina akasimama. "Mimi nilimwandikia Babu atoe, Jumatatu. Nilimpa karatasi mkononi."

Wote wakanigeukia. Mkuu akasema, "Mzee, karatasi iko wapi?"

Ilikuwa kichwani kwangu. Wallahi, ilikuwa ndani ya kofia niliyovaa, sikuwa nimepata ujasiri wa kuichana. Jasho likanitoka, nikaisikia karatasi inalowa juu ya utosi.

Nikasema, "Sijaona karatasi."

"Babu!" Edina akasema hivyo tu.

Mkuu akamuuliza kama ana nakala. Akasema hana. "Sikubakiza nakala kwa sababu ni Babu. Nilimwamini."

Mkuu akacheka kidogo. "Binti, usitafute sifa kupitia ajali ya mtu."

Hakuna mwanamume hata mmoja mle ndani aliyemtetea. Nasi tulikuwa saba.

Ikaandikwa kwamba Mama Somoe alizembea, aliingiza mkono mtaroni bila tahadhari. Ndiyo sentensi iliyomuua kikazi, maana mkataba ulipokwisha hakuongezewa, wala haki ya mtu aliyeumia kazini hakupata. Edina akapewa barua ya onyo, akahamishiwa wilaya ya mbali. Mimi nikabaki na stoo yangu.

Na chai? Hawakunigombeza. Wangenigombeza ningeshukuru. Walihamisha chai tu. Saa nne ikifika wanakwenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta upande wa mafundi, wamechomeka glovu zao viunoni, wamevaa gambuti zao. Wakipita kwangu, "Shikamoo, Babu." "Marahaba." Basi. Nilikuwa nachemsha birika zima, nakunywa kikombe kimoja, kinachobaki namwaga. Kesho nachemsha tena birika zima. Sijui nilikuwa namchemshia nani.

Mwaka mzima hivyo, mpaka nikastaafu. Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani. Nyumbani hakuna wa kumuuliza saa ngapi.

Mwaka huu nimeshindwa. Nilikuwa naamka, nakaa kitandani, namwambia marehemu mke wangu habari hii kwa sauti, kama mwendawazimu. Nikaona afadhali nimwambie mwenye nayo. Karatasi nilikuwa nimeihifadhi sandukuni, wino umetawanyika kidogo lakini inasomeka, na sahihi ipo. Nikaenda Mchikichini. Mama Somoe anakaa kwenye meza ya viatu vya mtumba ya mpwa wake, anavipangusa kwa mkono wa kushoto.

Nikasimama mbele yake. Nikasubiri anitukane. Njia nzima nilikuwa nimejiandalia jibu la sanda na la panya.

Akainua macho. Akasema, "Shikamoo, mzee."

Ndugu msomaji, kama huna mtani hutanielewa. Watani hawaamkiani hivyo! Angenipiga na kiatu ningejua bado ni mtu wake.  

Nikampa karatasi. Akaisoma taratibu, ameishikilia mezani kwa ule mkono usiokunjika. Akaitazama tarehe.

"Jumatatu," akasema.

"Jumatatu."

"Mimi nilikuomba Jumanne."

"Ndiyo."

Mteja akaja, akaulizia kiatu, akapunguziwa bei, akaondoka. Ndipo akasema, "Usinipe mimi. Mimi sihitaji karatasi kujua nimekatwa vidole. Mpelekee yule binti uliyemfanya mwongo. Halafu nenda yadini ukawasomee wenzangu, wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Mama Somoe, nisamehe."

"Nenda kasome kwanza, mzee."

Nilimtafuta Edina kwa simu. Nilidhani atalia, atanilaani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja, "Uko tayari kuandika maelezo na kuyasaini?" Nikasema niko tayari. Akaomba ruhusa, akaja Dar, akanikuta kituo cha mabasi. Hakunipa mkono. Tukaenda mpaka ofisini, nikaandika kurasa mbili na nusu kwa mwandiko wangu huu, nikasaini. Wamechukua karatasi, wamefungua upya faili la Mama Somoe. Litaishia wapi sijui. Mimi pia wanaweza kunifanya chochote, nimeambiwa. Sawa.

Kabla hawajaichukua, niliipitisha yadini. Saa nne. Kina mama walikuwa pale ukutani kwa mafundi, kumi na wawili, nafasi ya Mama Somoe amekwishaingizwa mwingine. Nikavua kofia. Nikasoma mstari kwa mstari, "Toa glovu jozi kumi na mbili na gambuti jozi kumi na mbili leo hii," mpaka jina na cheo chake, Kaimu. Nikawaeleza ilikuwa wapi siku ya kikao. Fundi mmoja wa jirani akaacha kugonga.

Nikangoja. Nilitaka hata mmoja anitukane.

Yule aliyekuwa ananiulizia dawa ya presha akaweka kikombe chini. "Umemaliza, Babu?"

"Nimemaliza."

"Haya. Tupishe, tuna kazi."

Wakavaa glovu zao, wakasukuma matoroli, wakatoka getini. Nikabaki na birika lao. Hawakuwa wameniambia nisinywe, lakini sikunywa.

Sasa wewe mwenye funguo, wewe wa stoo, wa getini, wa droo ya mihuri. Usidhani wewe ni mtu mdogo. Mtu mdogo mwenye kufuli anaweza kukata mkono wa mtu! Kifaa cha kumlinda mfanyakazi hakisubiri mgeni wala picha. Mama akikwambia mkono unaniuma, toa siku hiyo, wenye hotuba watatafuta kingine cha kukabidhi.

Na mwanamke aliyepewa cheo akikuletea sahihi yake, usimtazame hereni. Itazame sahihi. Nanyi mabinti wa maofisini nisikieni: bakizeni nakala. Hata kama ni Babu. Hasahasa kama ni Babu.

Na nyinyi wanaume sita wenzangu wa kikao kile, najua baadhi yenu mnasoma. Mimi nimeshasema langu. Mlichonyamazia mnakijua.